Divai ya Kibanja

Ijuganyondo ni kata ya Manispaa ya Bukoba, lakini ukiiacha barabara ukaingia ndani kidogo tu, mji unakwisha na migomba inafunga njia. Nyumba huioni mpaka umefika uani kwake. Kila familia imo katikati ya kibanja chake, na vibanja vimeshikana kiasi kwamba mgeni hawezi kujua cha nani kimeishia wapi. Mwenyeji anajua, kwa sababu mpakani umesimama mramura, mmea mwembamba wa majani marefu ambao Wahaya huupanda kuwa shahidi wa mpaka. Chini ya migomba kuna mibuni, chini ya mibuni kuna maharage, na jua linafika ardhini kwa vipande.

Humo ndani, nyuma ya nyumba za kawaida za bati, kuna watu wanaotengeneza divai. Usitafute bango barabarani. Utaelekezwa na kijana wa bodaboda, au na mwenye duka aliyepanga chupa mbili tatu kwenye rafu ya juu, jirani na sabuni. Kiwanda kizima mara nyingi ni chumba kimoja chenye sakafu ya saruji, mapipa ya plastiki ya bluu, mpira wa kuhamishia divai, vitambaa vya kuchujia na ndoo nyingi zilizooshwa zikafunikwa. Ukishuka kusini kwenda Muhutwe, kisha ukapanda Kamachumu na Nshamba, kwenye vilima vya Muleba, utakuta vyumba vya namna hiyo hiyo. Wapo wanaotumia nanasi, wapo wa rozela. Lakini tunda la nchi hii ni ndizi, na divai inayonihusu katika sura hii ni ya ndizi.

Watanzania wengi wakisikia divai ya nyumbani wanafikiria Dodoma, na Dodoma inastahili sifa yake: nchi kavu, jua kali, zabibu zinazovunwa mara mbili kwa mwaka. Bukoba ni nchi ya namna nyingine kabisa. Mvua inakaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na mzabibu hapa ungeshikwa na ukungu kabla ya kuzaa. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kutoka ufukweni nchi inapanda kwa majabali ya mawe ya mchanga hadi kwenye miinuko ya Maruku, Kanyigo na Kamachumu, ambako asubuhi watu huvaa sweta hata mwezi wa Februari. Ubaridi huo ni mali kwa mtengeneza divai. Kwenye joto la Dar es Salaam chachu inakimbia, inamaliza sukari upesi, na harufu ya tunda inatoka na povu ikapotea. Kwenye nyuzi 20 hivi za Bukoba inakwenda polepole na harufu inabaki ndani. Mwenye kiwanda cha hapa halipi umeme wa kupoza mapipa; anafungua dirisha usiku.

Nimeonja divai nyingi za vilima hivi, nyingine nzuri kweli, nyingine za kumwaga, na nimefika mahali pa kuamini kwamba tofauti kati yake huanzia ardhini, kabla ndizi haijafika kwenye pipa.

Wanaoandika juu ya divai za Ulaya husema sana habari za udongo: chokaa ya Champagne, changarawe za Bordeaux, mawe yaliyolala chini ya mzabibu tangu zamani za zamani. Udongo huo waliukuta. Wa Bukoba umetengenezwa kwa mikono. Mvua nyingi imeosha rutuba ya nchi hii, na ushahidi hauhitaji maabara: toka nje ya kibanja ukasimame kwenye rweya, ile mbuga ya nyasi inayotenganisha kijiji na kijiji. Ardhi ni ile ile na mvua ni ile ile, lakini hapo huoni kitu zaidi ya nyasi, na hapa na pale kipande kilicholimwa njugumawe kwa msimu mmoja kikaachwa kipumzike. Rudi ndani ya kibanja, mwendo mfupi tu, na mgomba umesimama na mkungu ambao mtu mzima anautua kwa shida. Udongo chini yake ni mweusi na laini, kidole kinazama bila kulazimishwa.

Tofauti yote hiyo ni kazi ya watu. Kwa vizazi na vizazi Wahaya wamekata nyasi za rweya wakazitandaza chini ya migomba. Wameleta samadi ya ng'ombe waliolishwa kwenye rweya hiyo hiyo, wakaongeza majivu, maganda na majani ya mgomba wenyewe. Rutuba ya mbuga kubwa imebebwa kichwani, mzigo kwa mzigo, ikawekwa kwenye kipande kidogo kinachoizunguka nyumba. Sotoka ilipofyeka ng'ombe wa nchi za maziwa makuu mwanzoni mwa miaka ya 1890, kilichopotea hakikuwa maziwa na nyama peke yake. Vibanja navyo vilipoteza chakula chake. Tangu hapo swali la nani ana samadi na nani hana limeendelea kuwagawa watu wa kijiji kimoja. Kibanja chenye ng'ombe wawili zizini hukitambui kwa kuhesabu ng'ombe. Unakitambua kwa unene wa mgomba.

Na unakitambua kwenye glasi. Ndizi iliyotoka kwenye kibanja kilichotandazwa na kulishwa inajaa, inaiva kwa pamoja, na maji yake ni matamu yenyewe. Ndizi ya kibanja kilichochoka ni nyembamba na maji yake ni mepesi, hivyo mtengenezaji analazimika kuongeza sukari ya dukani kilo kwa kilo ili chachu ipate cha kula. Divai ya namna hiyo inalevya kama nyingine, lakini ladha yake inaisha mdomoni mara tu ukishameza. Ninapoingia chumba cha divai, swali langu la kwanza ni sukari ngapi imeongezwa. Mara nyingi jibu hilo linanieleza hali ya kibanja kuliko jibu lolote juu ya kibanja.

Ufundi wenyewe wa kuigeuza ndizi kuwa kinywaji ni wa zamani mno hapa. John Hanning Speke na James Grant walipofika Karagwe kwa mfalme wake, Mkama Rumanyika, mwaka 1861 wakielekea Buganda, walipita katika nchi ambazo tayari zilikuwa na kinywaji cha ndizi kwenye kila karamu na kila mapatano. Si kila nchi ya ndizi inafanya hivi. Wachaga, chini ya Kilimanjaro, nao ni watu wa mgomba, lakini kwa mbege wanazichemsha ndizi na kuongeza kimea cha ulezi. Muhaya hachemshi. Anazikamua mbivu.

Ndizi za pombe hazichukuliwi ovyo. Katika migomba ya asili ya Buhaya ipo ya kupika, inayotoa matoke, na ipo ya pombe, mbire, ambayo ukiing'ata inakaza ulimi na fizi. Baadaye ziliingia kisubi na kainja. Kisha, kuanzia mwaka 1997, mradi wa maendeleo ya jamii wa Kagera uliofadhiliwa na Ubelgiji ukaleta mahuluti ya FHIA yaliyozalishwa Honduras, ambayo yanazaa mikungu mikubwa na kuvumilia magonjwa kadhaa. Wakulima wa pombe wa siku nyingi wanaikubali FHIA kwa wingi wa maji yake, lakini mbire wanaisifia ladha. Ule ukakasi wake unatokana na tanini, na tanini ndiyo inayofanya kazi muhimu wakati wa kukamua: inashikana na vile vitu ambavyo vingeyafanya maji ya ndizi kuwa uji, inavivuta pembeni, na maji yanatoka yakiwa safi. Kanyaga ndizi tamu za mezani uone. Mara nyingi utapata rojo ambalo halichujiki.

Kazi inaanza kwa kuivisha. Linachimbwa shimo kibanjani, linawashwa moto wa majani makavu ya migomba mpaka kuta zipate joto, majivu yanaondolewa, shimo linatandikwa majani na vichana vinapangwa vikiwa vibichi. Kisha vinafunikwa kwa majani na udongo na kuachwa siku tano au sita. Wengine hupanga mikungu darini juu ya jiko, moshi uifanyie kazi, kwa kuwa ndani ya moshi kuna gesi ile ile ya ethilini ambayo tunda lenyewe huitoa linapoiva. Wakati wa kufungua shimo harufu inafika kwa majirani kabla ya habari. Ndizi zinamenywa, zinamwagwa kwenye mtumbwi wa mti uliochongwa kwa kazi hiyo, zinachanganywa na nyasi, na mwanamume aliyenawa miguu anaingia kukanyaga. Nyasi zinashika nyama ya ndizi, maji yanachuruzika. Hayo yakichujwa ndiyo mramba, tamu kupita soda yoyote, na watoto husubiri hapo na vikombe vyao. Yakiongezwa maji kiasi na unga wa mtama uliokaangwa, yakafunikwa kwa majani ya migomba mpaka kesho yake, yanakuwa rubisi.

Rubisi haikuwa kinywaji cha kiu tu. Mtafiti Robert Carlson, katika makala yake ya mwaka 1990 kuhusu pombe ya ndizi kwa Wahaya wa Bukoba, alieleza jinsi ilivyounganisha watu waliopeana na kupokeana, walio hai pamoja na mizimu ya ukoo. Mkama alikuwa na fungu lake. Mwenye mtumbwi alikuwa na fungu lake. Mahari haikuzungumzwa pakavu. Na kazi hii ilikuwa ya wanaume. Mwanamke alilima mtama kule rweya, alitwanga, alibeba maji kutoka mtoni, lakini mtumbwini hakuingia.

Rubisi ina siku yake. Kesho yake ni nzuri, keshokutwa imekuwa kali, siku ya tatu au ya nne inaelekea siki. Ufundi wote wa zamani ulijengwa juu ya jambo hilo: unakamua leo kwa sababu wageni wanakuja kesho, na kinachobaki kinanywewa na jirani. Divai inadai kinyume chake. Inadai uzuie hewa isiingie, uue vijidudu vya siki, uache tope litulie, uhamishe, usubiri tena. Inadai kuamini kwamba kitu ulichokikamua mwezi huu utakiuza baada ya miezi sita au mwaka, na wakati huo wote mtoto anahitaji sare ya shule. Kwa maoni yangu hapo ndipo ulipo ugumu wa kweli wa viwanda hivi. Kukamua wanajua kuliko mtu yeyote duniani. Kungoja ndiko kunakogharimu.

Huko Ijuganyondo nilikaa asubuhi nzima na mama mmoja wakati akihamisha divai kutoka pipa moja kwenda jingine. Pipa la kwanza lilikuwa limeinuliwa juu ya matofali tangu jana yake ili tope litulie. Kwenye mfuniko palikuwa na tundu na mpira mwembamba uliozama ndani ya chupa ya maji. Gesi inatoka kwa kububujika majini, hewa ya nje hairudi ndani. Bubujiko lilikuwa limekwisha. Hakuridhika na hilo. Alichota divai kwenye mtungi mrefu wa kioo, akadumbukiza haidromita, akainama mpaka jicho likawa sawa na usawa wa divai, akasoma. Kisha akaimimina ile divai kwenye glasi, akainusa, na hapo ndipo akaamini.

"Mwanangu, kipimo kinaniambia sukari imekwisha," alisema. "Pua inaniambia kama kuna siki. Kimoja peke yake hakitoshi."

Mpira aliuingiza taratibu kutoka juu, akiacha upana wa kiganja kati ya ncha yake na tope la chini, na akauambia ule mkono wa mjukuu wake uliokuwa umeshika mfuniko usitikisike. Divai ilishuka bila kelele, ncha ya pili ikiwa chini kabisa ya pipa jipya ili isimwagike kwa kurukaruka na kushika hewa. Ilikuwa na rangi ya asali nyepesi. Ilipofika karibu na tope akaukunja mpira ghafla na kuacha lita kadhaa pipani. Nilimuuliza kwa nini asizichukue. Akanionyesha ndoo iliyokuwa kando: tope lile linarudi kibanjani, chini ya mgomba.

Vichana vyake anavikamua kwa mashine ndogo ya mkono iliyotengenezwa kwa fundi wa kuchomelea, lakini nyasi hajaziacha. Anaziosha, anazichanganya na ndizi kabla ya kukaza mashine, kwa sababu bila nyasi, anasema, mashine inatoa uji kama mtu mwingine yeyote. Chachu anayotumia ni ya divai, ya pakiti, anaagiza kutoka mjini. Alianza na hamira ya mikate na hakuipenda; ilimwachia harufu ya maandazi.

Huyu mama anafanya kazi ambayo bibi yake asingeruhusiwa kuifanya, na si yeye peke yake. Vyumba vingi vya divai nilivyoingia katika vilima hivi vinaendeshwa na wanawake, wengine kwa vikundi, wengine kila mtu na lake. Waliingia kwa mlango wa usindikaji: mafunzo ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, semina za jemu na juisi, kisha divai. Mtumbwi ulikuwa wa wanaume, pipa la plastiki halikuwa na mwenyewe.

Lakini divai haitoki kwenye pipa, inatoka kwenye kibanja, na kibanja ni suala jingine. Kwa mila ya Kihaya ardhi ya ukoo ilikwenda kwa mtoto wa kiume. Binti aliweza kuishi juu yake na kula matunda yake, lakini kuiuza hakuruhusiwa. Ni hapa hapa, kwenye Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, wilayani Muleba, ndiko ilikoanzia kesi ambayo kila mwanafunzi wa sheria Tanzania anaijua. Holaria Pastory alikuwa amerithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake, na mwaka 1988 akaiuza. Bernardo Ephrahim, wa ukoo huo huo, akaenda mahakamani kuomba mauzo yabatilishwe kwa kuwa mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Shauri lilipanda mpaka Mahakama Kuu, Mwanza, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba mila hiyo inambagua mwanamke kinyume cha Katiba, na kwamba mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume. Hukumu hiyo sasa inasomwa mbali sana na Kashasha, katika vyuo ambavyo havijawahi kuona mgomba.

Kesi hii inaihusu nini divai? Inaihusu sana. Mgomba mpya unahitaji mwaka na zaidi kabla ya kuzaa, samadi inahitaji miaka kuugeuza udongo, na divai yenyewe inahitaji miezi. Mtu asiye na uhakika na kibanja hapandi mbire ya kumzalia miaka ishirini. Ananunua ndizi sokoni kwa leo. Kuna mjane mmoja huko Muleba aliyenieleza kwamba alitengeneza divai kwa ndizi za kununua kwa muda mrefu huku shemeji zake wakijadiliana juu ya ardhi aliyoachiwa na mumewe. Siku jambo lilipomalizika na kuandikwa, kitu cha kwanza alichofanya ni kuleta nyasi. Alizitandaza kibanja kizima. Divai ya kabla na divai ya baada ya nyasi hizo aliniwekea mezani pamoja, na sikuhitaji kuambiwa ipi ni ipi.

Kununua ndizi sokoni kuna hatari nyingine, kubwa kuliko ladha. Mwaka 2006 mnyauko wa bakteria uliripotiwa Kagera, baada ya kuingia Uganda mwaka 2001. Ugonjwa huu ulijulikana kwanza Ethiopia, kwenye ensete, ndugu yake mgomba. Jani linageuka njano na kulegea, ndizi zinaiva kabla ya wakati na ukizikata ndani zimeoza, na shina likikatwa linatoa ute wa manjano. Hakuna dawa. Ndizi za pombe, hasa kainja, ndizo zinazoshikwa upesi zaidi kupitia wadudu, kwa sababu ua dume linapodondosha magamba yake linaacha vidonda vibichi, na nyuki akitoka kwenye ua lenye ugonjwa anatua hapo. Ndiyo maana mabwana shamba wanasisitiza kuondoa ua dume mara tu kichana cha mwisho kinapojitokeza, na kuliondoa kwa kijiti chenye panda, sio kwa panga. Panga ni mbeba ugonjwa mwenyewe. Dalali wa ndizi za pombe anaingia kibanja cha huyu, anakata mkungu, anaingia cha yule na panga lile lile, anafunika mzigo kwa majani ya migomba aliyoyakata njiani, na jioni amepita nyumba kumi.

Kwa hiyo kiwanda kikubwa kinachokusanya ndizi za vijiji vingi kinaweza, bila kukusudia, kuwa njia ya kuua migomba kinayoitegemea. Hapa nina msimamo na nausema wazi: viwanda vidogo vya aina hii, vinavyokamua ndizi za kibanja chao na za majirani wawili watatu wanaofahamika, vinafaa kulindwa hivyo hivyo vidogo. Mara nyingi maofisa wakija huwashauri wakue, waungane, wapate mashine ya kukamua tani. Nawaelewa. Arusha ipo Banana Investments, iliyoanza mwaka 1993, imeonyesha kwamba kinywaji cha ndizi kinaweza kuuzwa nchi nzima kwa chupa, na imewapa wakulima soko la uhakika. Hiyo ni kazi nzuri na ina mahali pake. Lakini divai inayotokana na udongo mmoja, iliyokamuliwa na mtu anayekijua kila kisiki, haitengenezwi kwa tani. Ikichanganywa na ya vijiji arobaini inakuwa kinywaji kingine.

Wanachohitaji watu hawa ni vitu vidogo, na ni vile vile kila nilipokwenda. Alama ya ubora ya TBS, ambayo mjasiriamali mdogo huifikia kwa kupitia SIDO. Stempu za kodi za kielektroniki, ambazo tangu mwaka 2019 lazima ziwe kwenye kila chupa ya divai inayouzwa nchini. Utaratibu wake ulibuniwa kwa kufikiria mitambo inayojaza chupa maelfu kwa siku, na mtu anayejaza sitini kwa mwezi anaufuata kwa jasho. Sokoni ni mbali: Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,400 kwa barabara, na hata Mwanza, kwa meli, ni usiku mzima majini. Kuliko vyote, chupa. Bukoba haina kiwanda cha chupa. Mpya zikiagizwa zinakuja na nauli inayokaribia bei ya divai yenyewe, kwa hiyo zinakusanywa za zamani kutoka baa na hoteli. Zinalowekwa usiku kucha ili lebo itoke, zinasuguliwa ndani kwa brashi, zinasuuzwa, zinachemshwa. Nimeona mabinti wawili wakiinua kila chupa kwenye mwanga wa dirisha na kuitenga yenye ufa mwembamba wa nywele, maana chupa ikijazwa hupashwa moto ndani ya maji, na yenye ufa inapasukia humo na kuharibu sufuria nzima. Kazi ya chupa inachukua muda mrefu kuliko kazi ya divai.

Divai bora kuliko zote nilizoonja nilipewa Kamachumu, kwenye nyumba iliyo karibu na ukingo wa majabali, ambako nchi inakatika na ziwa linaonekana chini mbali. Mwenyeji wangu, mwalimu mstaafu, huwa anatenganisha mapipa: la mbire peke yake, la kisubi peke yake, la FHIA peke yake, na kila pipa limeandikwa kwa chaki tarehe na sehemu ya kibanja ndizi zilikotoka. La FHIA lilikuwa safi, jepesi, bila kasoro na bila mengi ya kukumbuka. La kisubi lilikuwa tamu, lenye harufu ya ua, na nadhani ndilo litakalopendwa na watu wengi. La mbire lilikuwa limekaa mwaka na zaidi. Lilikuwa kavu, lina ule mkazo wa ulimi unaouonja kwenye ndizi yenyewe mbichi, lakini umetulia, na nyuma yake kuna harufu ya moshi kidogo kwa sababu ndizi ziliivishwa darini. Ulikuwa msimu wa senene. Mkewe alileta sahani ya waliokaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi, na yale mafuta pamoja na ukavu wa divai vilikutana vizuri kuliko jibini na divai yoyote niliyowahi kuwekewa hotelini. Matoke kwa samaki wa ziwani pia yanakwenda nayo. Maharage hayaendi nayo.

Mwalimu haiuzi divai ya mbire madukani, kwa kuwa muuza duka anataka chupa nyingi zenye ladha ile ile kila mwezi, na yeye hawezi kuahidi hivyo. Kibanja cha juu na cha bondeni havikubaliani. Anawauzia wanaokuja. Msafiri atakayepita Muleba mwezi wa Novemba au Desemba, senene wanaposhuka, aulize Kamachumu wanakotengeneza divai ya ndizi, na wataelekeza. Aombe ya mbire, ya mwaka uliopita. Na akija na chupa tupu ndani ya gari, hata tano, atakuwa amemletea mwenyeji kitu anachokihitaji kuliko sifa.